Sufuria inachemka, kipimajoto kinasoma nyuzi 40
Ndugu, kipimajoto chako cha infraredi, kile kinachopima miale ya joto bila kugusa, hakijaharibika. Alumini inayong'aa hutoa kama asilimia 5 tu ya miale ya joto ambayo uso mweusi kabisa ungetoa ukiwa na joto hilohilo. Sehemu hiyo ndiyo huitwa emisiviti: 0.05. Kifaa chako kimewekwa emisiviti ya 0.95, basi kinadhani sufuria imepoa. Tena uso ule ni kama kioo, sehemu kubwa ya unachopima ni joto la kuta na la mwili wako mwenyewe. Bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme ubavuni, mbali na moto, ngoja dakika moja ishike joto, kisha lenga hapo kwa karibu sana. Namba itapanda karibu na 100. Kushusha emisiviti ya kifaa hadi 0.05 sikushauri kabisa. Kosa dogo hapo linaharibu kipimo chote.