Wachezaji sita uwanjani

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mpwa wangu anasoma katika sekondari ndogo ya umma kijijini Texas, Marekani, naye anasema timu yao ya futiboli ya Kimarekani huchezesha vijana sita tu. Je, huo ni mchezo rasmi?

JIBU: Ni rasmi kabisa. Mwalimu Stephen Epler aliubuni mwaka 1934 huko Chester, Nebraska, ili shule zisizoweza kupata vijana 11 nazo ziwe na timu. Uwanja ni yadi 80 kwa 40, na wote sita, hata anayeanzisha mpira, huruhusiwa kupokea pasi. Kwa hiyo pointi humiminika. Tofauti ikifika pointi 45 kuanzia mapumziko, mchezo humalizwa, nami naona ni haki, kwa kuwa mara nyingi vijana walewale hushambulia na kulinda.