Uvimbe wa Kiganjani Usikubali Upasuliwe Kabla ya Kupimwa

Nimekuwa seremala kwa miaka 22, na kwa muda mwingi wa miaka hiyo kitako cha kiganja changu cha kulia, upande wa kidole cha mwisho, kilikuwa nyundo yangu ya pili. Ulimi wa mguu wa meza ukigoma kuingia kwenye tundu lake, niliupiga kwa kiganja mara tatu au nne, ukaingia. Sikujua kwamba mahali pale pale hupita ateri, yaani mshipa unaopeleka damu vidoleni, iliyofunikwa na nyama kidogo tu, na kwamba chini yake kuna mfupa mdogo wenye umbo la ndoano, kwa hiyo kila pigo huiponda ateri juu ya mfupa huo. Ukuta wa ateri ukichoka hutanuka na kufanya kifuko, ambacho madaktari hukiita anurisimu.

Kwangu ilianza kwa baridi. Kidole cha pete na cha mwisho vilipauka asubuhi na kufa ganzi, nami nikadhani ni uchovu wa kazi. Baadaye kikatokea kivimbe kama punje ya harage. Katika zahanati niliyokwenda kwanza waliamua kuwa ni jipu, na kisu cha kulipasua kilikuwa kimekwisha andaliwa. Muuguzi aliyekuwa akinisafisha kiganja alikitua kidole gumba chake juu ya kivimbe, akanyamaza kidogo, kisha akamwambia mwenzake, "Hebu shika hapa. Linadunda."

Mpaka leo namshukuru mama yule, kwa sababu kisu kile kingefungua ateri. Hata hivyo, msitegemee mdundo peke yake: damu ikiganda ndani ya kifuko, mdundo waweza kupotea kabisa, na uvimbe ukafanana na uvimbe mwingine wowote. Ndiyo maana ni lazima umweleze daktari kazi unayoifanya kwa mikono yako, hata asipokuuliza.

Katika hospitali ya rufaa daktari aliniambia nikunje ngumi kwa nguvu, akazibana ateri zote mbili za kifundo cha mkono, kisha nikakunjua kiganja kikiwa cheupe. Alipoachia ateri ya upande wa kidole gumba, wekundu ulirudi mara moja. Aliporudia na kuachia ile ya upande wa pili, ulirudi polepole mno. Kipimo hiki hakihitaji mashine yoyote. Kilifuatwa na altrasaundi ya Dopla, inayoonyesha jinsi damu inavyopita, na picha ya sitii skani iliyopigwa baada ya kudungwa dawa ya kung'arisha mishipa. Hapo ndipo nilipoelewa kupauka kwa vidole: vipande vya damu iliyoganda vilikuwa vikimeguka kutoka kwenye kifuko na kuziba mishipa midogo mbele yake, jambo ambalo likipuuzwa laweza kumfikisha mtu kwenye kukatwa kidole.

Matibabu hayafanani kwa wote. Ateri iliyoziba bila kifuko mara nyingi hutibiwa kwanza kwa kuacha kuupiga mkono, kuacha sigara, kuukinga na baridi, na dawa za kutanua mishipa au za kuzuia damu kuganda. Kifuko kinachomwaga vipande, kama changu, huondolewa kwa upasuaji. Ikiwa ateri ya pili inakilisha kiganja chote vizuri, daktari anaweza kuifunga tu ile mbovu; mimi niliwekewa kipande cha vena, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, kutoka kigashani mwangu, kikashonwa chini ya hadubini kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Wale waliochomwa kiganjani na kisu au kioo, kisha uvimbe ukatokea baada ya siku au wiki kadhaa, nao wasichelewe, kwa kuwa jeraha la namna hiyo huweza kuitoboa ateri na kuacha kifuko cha damu kando yake.

Vidole vyangu vilipata joto tena, ingawa ganzi ya kidole cha mwisho ilichukua miezi kuisha. Kijana anayekuja kujifunza kazi kwangu sasa hukabidhiwa nyundo ya mbao siku ya kwanza, kabla ya randa na msumeno.