Jibu: Wiki tatu na mbwa bado ananiogopa, nimekata tamaa

Dada, pole. Unamlea huyo mbwa kwa muda tu, hadi aende kwa mwenyewe mpya Bukavu; wiki tatu na bado anajibanza chini ya meza, halafu nyumbani wanakuuliza kwa nini bugali unamlisha mbwa wa barabarani. Nakuelewa kabisa. Wa kwangu nilimtoa Ndosho, hapa Goma, kamba ya nailoni imemzama shingoni. Mwezi mzima hakunitazama usoni.

Kilichonisaidia ni kuacha kumbembeleza. Nilikaa sakafuni, nimempa ubavu, nachambua maharagwe yangu kana kwamba hayupo, na sambaza kavu (vile visamaki vya ziwani) mbili tatu kando ya goti. Siku ya kumi na moja alivuta moja kwa ncha ya meno, akakimbia nayo. Nililia, sikudanganyi. Vitu vidogo kama hivyo viandike kwenye daftari, maana ukichoka utasahau kwamba vilitokea.

Kukojoa ndani ukimkaribia ni woga, si kiburi, usimpige. Chanjo ya kichaa cha mbwa usiiahirishe, una watoto hapo. Akimng'ata mtu, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha kituo cha afya siku hiyohiyo.

Majirani wanaocheka, waache wacheke.

Umeuliza kama utaweza kumwachia siku ya kumpeleka kwa yule mwenyewe mpya wa Bukavu. Mimi wangu nilimsindikiza hadi bandarini, boti ikaondoka, nikarudi Ndosho na kamba tupu mkononi. Juma lililofuata nilikuwa na mwingine.