Wabunge wetu wa Arusha huchaguliwaje?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mfanyabiashara wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, na bidhaa zangu hutoka Dar es Salaam kupitia Tunduma na Kasumbalesa. Nasikia tuna wajumbe katika Bunge la Afrika Mashariki, lenye makao yake Arusha. Mbona sikuwapigia kura?

JIBU: Hukuwapigia kura, ndugu msomaji, kwa sababu Ibara ya 50 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inalipa bunge la kila nchi mwanachama kazi ya kuchagua wajumbe tisa, wasiotoka miongoni mwa wabunge wake wenyewe, na wanaopaswa kuwakilisha, kadiri inavyowezekana, vyama, mitazamo mbalimbali, jinsia na makundi maalumu. Ibara hiyohiyo inamtaka mjumbe awe na uzoefu au ari iliyothibitika ya kuendeleza malengo ya Jumuiya. Sharti hili, kwa maoni yangu, ndilo husahaulika kwanza vyama vinapogawana viti. Kongo ilijiunga mwaka 2022, na muhula ni wa miaka mitano. Kwa hiyo mbane mapema mbunge wako wa Kinshasa: amuulize kila mgombea kama anaijua hati ya forodha, na kama atahudhuria kamati zinapochambua bajeti, au anafuata posho tu.