Andiko la mkopo lianzie kwenye dumu la petroli

Ukikaa Kayenze, Mwanza, Ziwa Victoria unaliona kutoka mlangoni, mtu akikwambia ubane maji utamcheka. Sisi tulicheka. Tulikuwa wanawake watano wenye nusu ekari ya nyanya na hoho na pampu moja ya petroli, na tulifungulia maji mpaka matuta yakawa kama majaruba ya mpunga. Ziwa halitoi bili, tulisema. Kumbe maji tulikuwa tunayanunua kila wiki, pale kituo cha mafuta.

Andiko letu la kwanza la mkopo wa halmashauri lilikuwa la kuomba pampu kubwa zaidi. Nauzungumzia ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na hauna riba. Afisa maendeleo ya jamii wa kata alilisoma akauliza, "Dada zangu, hii pampu mpya itakula mafuta kiasi gani?" Tukatazamana. Kabla hatujajibu vizuri, Aprili 2023 Serikali ikaisitisha mikopo hiyo, na haikurudi hadi 2024.

Kusubiri kule kulitusaidia. Mhazini wetu alinunua daftari la shilingi mia tano akawa anaandika kila dumu linalokwenda shambani. Ikaonekana tunachoma lita tatu kila tunapomwagilia, mara nne kwa wiki wakati wa kiangazi, na maji mengi yanaishia kwenye njia za kupita. Andiko la pili likaomba mipira ya matone, yaani yenye vitundu vinavyodondosha maji penye mche, na simtanki ya lita 5,000, na ukurasa wa kwanza ulikuwa wa hesabu za daftari lile. Kwa hiyo ukinitaka ushauri, andika petroli yako walau miezi miwili kabla hujaenda kwa afisa. Katiba ya kikundi, akaunti ya benki na muhtasari wa kikao kila kikundi kinavyo.

Mengine yapitie haraka ila usiyaruke. Kuvuta maji ya ziwa kwa pampu kwa ajili ya biashara kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, na ada yake iingie kwenye bajeti. Shamba nalo lisiwe ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya eneo hilo.

Tulipokosea ni kwenye chujio. Muuzaji alitupa kichujio kidogo cha wavu, kinachofaa maji ya bomba. Maji ya ziwa hasa upepo ukitulia yana mwani, rangi yake kama mchuzi wa mlenda. Wiki ya tatu mistari miwili ya hoho ilinyauka huku tangi limejaa. Vitundu vilikuwa vimeziba. Ilibidi tununue chujio kubwa la visahani, linalochuja kwa visahani vilivyobanana, na halikuwemo kwenye bajeti.

Kilichotuokoa ni mawe ya Mwanza. Tulikuwa tumetenga fedha za mnara wa chuma wa kuinulia tangi. Fundi alifika, akatazama jabali lililo juu ya shamba, akacheka: "Mama zangu, mnara mnao tangu enzi za babu." Tangi likakaa juu ya jabali, fedha ya mnara ikaenda kwenye chujio, baada ya kumwomba afisa kwa barua na kupewa ruhusa. Usihamishe hata shilingi bila barua hiyo.

Tarehe ya marejesho nayo ibishaniwe mapema. Wengi hukubali kuanza mwezi unaofuata, nyanya zikiwa bado maua, kisha wanakopa kwenye kikoba ili walipe halmashauri. Sisi tuliomba kuanza mwezi wa nne tangu kupandikiza, tukaonyesha kalenda ya zao, wakakubali. Hata hivyo bei ya tenga la nyanya ilianguka soko la Kirumba msimu ule, na rejesho la kwanza tulilipa kwa kuchangishana.

Sasa tunatumia lita moja na kidogo kwa kila umwagiliaji. Kila Jumamosi tunafungua ncha za mipira kuondoa tope la kijani. Daftari bado lipo: afisa alipokuja kukagua mradi, aliliomba hilo kabla hata hajalitazama shamba.