Kabla ya Kununua Tabo, Tafuta Hewa Inakovujia

Mwezi Julai mwaka jana, gari langu la mwaka 2003, lenye injini ya petroli ya lita 2 na tabo (feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini), lilianza kutetemeka likiwa sailensi, yaani injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta. Asubuhi za baridi za Uyole, hapa Mbeya, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) ulipanda na kushuka kati ya 500 na 1,000, na mara nyingine injini ilizima kabla sijafungua geti. Nikitoka nalo Chimala kupanda kuja Mbeya, lilishindwa kabisa kuvuta. Nilijikokota nyuma ya lori lenye mzigo bila kuthubutu kulipita, huku ekzosi ikitoa moshi mweusi.

Fundi wa kwanza alisema ni plagi na koili. Nilibadilisha zote nne nne, shilingi 380,000 zikaondoka, na tatizo likabaki palepale. Wa pili alisema tabo imekufa. Wa tatu alilaumu mwinuko wa Mbeya, jambo lililonichekesha, kwa sababu nilikuwa nimeliendesha gari hilohilo hapa mjini kwa miaka 4 bila shida. Ni kweli kwamba kwenye mita 1,700 hewa ni nyepesi, lakini tabo nzima hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo.

Mashine ya kupima ilitoa kodi ya hitilafu P0171, yaani hewa imezidi petroli. Wengi huishia hapo na kukimbilia pampu ya mafuta. Mimi nilimwomba fundi wa nne anionyeshe petroli ambayo kompyuta ilikuwa ikiongeza yenyewe: sailensi ilikuwa asilimia 22, na injini ilipofikishwa RPM 2,500 ikashuka hadi 5. Pampu iliyochoka ingeonyesha kinyume, kwani upungufu wake hukua kadiri injini inavyodai petroli zaidi. Injini ikiwa sailensi, manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda) hunyonya, kwa hiyo ufa mdogo huingiza hewa ambayo sensa ya hewa, kifaa kinachopima hewa inayoingia, haikuipima. Ukikanyaga mafuta tabo husukuma, na ufa uleule hutoa nje hewa ambayo sensa imekwisha kuihesabu, petroli ikabaki nyingi na moshi ukawa mweusi. Tundu moja, dalili mbili zinazopingana.

Tulizima injini, tukaziba bomba baada ya sensa ya hewa kwa kifuniko cha plastiki chenye vali ya tairi, kisha tukaingiza upepo wa kompresa. Psi 10 (kipimo cha shinikizo la upepo) zinatosha. Ukizidisha sana unaweza kuharibu sili. Tulipaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Mipira mikubwa ya intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye tabo), niliyoishuku tangu mwanzo, ilikuwa mizima. Povu lilitokea chini, kwenye mpira mwembamba kama kidole unaotoka manifoldi kwenda kwenye vali inayorudisha mvuke wa ndani ya injini ili uchomwe tena. Kwa juu ulionekana mzuri. Nilipoukunja, upande wa chini ulifunguka kama mdomo, mkavu na mgumu kwa miaka ya joto. Wapo wanaopulizia petroli kwenye injini inayowaka ili kutafuta uvujaji. Sikushauri, kwani manifoldi ya ekzosi ina moto wa kutosha kuliunguza gari lote.

Mpira mpya niliupata Mwanjelwa kwa shilingi 15,000. Mshale ulitulia kwenye 700, na kodi ilipofutwa haikurudi. Baada ya wiki moja nilikaza klempu tena, kwa kuwa mpira mpya hulegea kidogo ukishazoea joto.