Kabla ya Kumwaga Zege, Tembea na Mama

Mama alihamia kwetu Nkuhungu, mjini Dodoma, kutoka Mpwapwa akiwa na miaka 74. Mwanzoni kanisani alikwenda kila Jumapili. Miezi mitatu baadaye akaacha kabisa kutoka nje. Tukasema ni magoti, tukanunua dawa ya kuchua na mkongojo.

Siku moja nikamwomba tuende wote, kwa mwendo wake. Nje ya geti tu akasimama. Mbele yetu kuna mtaro, na juu yake ubao mmoja ambao mimi naupita kila siku bila hata kuuangalia. "Mwanangu, nikianguka humu nani ataniokota?" Nikamvusha. Kule mbele akatafuta pa kukaa, hakuna. Kijijini mzee akichoka huketi kibaraza chochote na maji analetewa. Mtaani kwetu ni kuta na mageti mwanzo mwisho, na jua la Oktoba la Dodoma mnalijua.

Shirika la Afya Duniani lilipoandaa mwongozo wa miji rafiki kwa wazee, mwaka 2007, lilianza kwa kuwasikiliza wazee wenyewe katika miji 33, Nairobi ukiwemo. Wewe anza na wa kwenu.

Sisi majirani wanne tulichanga sementi na nondo, tukaweka kivuko cha zege chenye upana wa mita 1.2 na bomba la kushikia. Kimwageni vipande vipande vinavyoweza kuinuliwa, maana mtaro usipozibuliwa kabla ya mvua za Desemba, maji yataingia hadi vyumbani. Zege likiwa bado bichi lipigwe ufagio ili lisiteleze.

Mlangoni ndipo nilipobishana na fundi. Ngazi ina kimo cha sentimita 15, yeye anataka mteremko wenye urefu wa sentimita 60. Usikubali! Kila sentimita 1 ya kimo inataka angalau 12 za urefu, kwa hiyo tukatengeneza wa sentimita 180.

Benchi tuliliweka chini ya mwarobaini, karibu na duka. Liwe na pa kushikia wakati wa kuinuka, na lisiwe chini sana. Taa ya nje nayo msiisahau.

Mama amerudi kanisani. Kilichobaki ni bodaboda wanaoegesha pikipiki juu ya kivuko. Hilo nalipeleka mkutano wa mtaa, na Mama amesema atasimama kulisema mwenyewe.